Begi la puto la maporomoko ya theluji: barafu ikipasuka na pikipiki ikazama ziwani, uvute au usivute?

#1 MpandaTheluji
Wakuu, salaam. Sisi tunaoendesha pikipiki za theluji milimani (zile zenye ski mbele na mkanda wa mpira nyuma badala ya magurudumu), karibu wote siku hizi tunabeba begi la puto mgongoni. Poromoko likikukuta unavuta kishikio kilichopo kwenye mkanda wa bega, puto la lita 150 hivi linajaa ndani ya sekunde chache ili likubakize juu ya theluji. Kikundini kwetu umezuka ubishi mkali: ukiwa unavuka ziwa barafu ikapasuka, uvute au usivute?

Msimamo wangu ni uvute, tena mapema. Lita moja ya hewa chini ya maji inanyanyua takriban kilo moja, kwa hiyo lita 150 ni kilo 150. Jaketi okozi la baharini lenye alama ya nyutoni 150 linanyanyua kama kilo 15 tu. Begi ni mara kumi ya hapo, na tayari umelivaa. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo.

#2 Kinyonga88
Nimekaa siti ya mbele. Hesabu imenyooka, ila nahisi kuna kitu kimejificha humu.

#3 BahariaWaZamani
Mkuu #1, hesabu ni sahihi lakini umepima kitu ambacho si tatizo. Mtu majini hahitaji kilo 150. Mwili wenyewe karibu unaelea, na kwa watu wazima wengi nyongeza ya kilo tatu hadi tano inatosha kuweka kichwa juu ya maji. Swali ni nguvu hiyo imekaa WAPI.

Jaketi okozi limejazwa zaidi kifuani na kuzunguka shingo, makusudi, ili hata aliyezimia ageuzwe uso uangalie juu. Begi lako limeweka kila kitu mgongoni na nyuma ya kichwa. Kinachoelea kikiwa nyuma, mwili unaelekea mbele, na mbele ndiko uliko mdomo. Nimeona watu wakielea hivyo wakiwa na maboya yaliyofungwa vibaya, si jambo la kuigiza. Kwangu mimi kitu kinachomlaza aliyezimia kifudifudi hakiitwi kifaa cha kuokolea majini, hata kiwe na lita elfu.

#4 MpandaTheluji
Baharia nakuheshimu, lakini unamzungumzia aliyezimia. Mimi namzungumzia mtu mwenye akili zake, anayehangaika kubaki juu huku amevaa suti nzito, buti, helmeti, na begi lenye koleo na vijiti vya kutafutia waliofukiwa. Huyo atajishikilia mwenyewe asilale kifudifudi.

#5 FundiMitungi
Wote mmeruka swali la kwanza: hilo puto litajaa?

Mabegi haya yako ya aina mbili kubwa. Kuna ya mtungi wa gesi iliyoshindiliwa. Wengi wanadhani lita zote 150 zimo ndani ya mtungi. Kwenye mengi ya haya, mtungi unatoa sehemu tu. Gesi inapotoka kwa kasi kwenye tundu jembamba inakokota na hewa ya nje, na hiyo ya nje ndiyo inayomalizia kujaza. Tundu la kuvutia hewa likiwa chini ya maji litakokota nini? Maji.

Aina nyingine ni ya feni ya umeme, inayotumia betri au kapasita. Feni imetengenezwa kusukuma hewa. Begi likishazama hewa haipo, na mimi sitegemei ijaze chochote cha maana.

Kwa hiyo jibu langu ni vuta kabla begi halijaingia majini, pale unapohisi sehemu ya nyuma ya pikipiki inashuka. Ukichelewa, wa mtungi atapata puto pungufu, wa feni ataambulia patupu.

#6 MwalimuWaFizikia
Fundi umenena, lakini tumalizie hesabu. Baharia kasema kilo tano zinatosha. Hata mtungi ukijaza theluthi moja tu ya puto, hiyo ni lita 50, zaidi ya zinazohitajika mara kumi. Na maji yaliyoingia ndani ya puto hayakuzamishi, kwa sababu maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta chini.

Adhabu inakuja unapojaribu kutoka. Kila lita ya maji iliyomo kwenye puto ikivuka usawa wa maji inakuwa kilo moja mgongoni. Lita 40 ni kilo 40 unazozipandisha juu ya barafu kwa mikono iliyokufa ganzi.

Tena #1 naomba nikusahihishe kidogo. Zile kilo 150 zinapatikana puto likiwa limezamishwa LOTE. Ukiwa unaelea, linazama kiasi kile tu cha kubeba uzito wako wa majini, basi. Halikunyanyui kama winchi. Nguvu yote inaonekana pale tu unapokuwa chini kabisa.

#7 Kinyonga88
Mwalimu, "chini kabisa" ni pamoja na chini ya barafu?

#8 MwalimuWaFizikia
Ndiyo, na hapo ndipo mimi huwa naishiwa ujasiri wa kusema "vuta". Ukitumbukia kwa kasi ukapita chini ya ukingo wa barafu, halafu puto likajaa, linakubandika kwenye dari ya barafu kwa nguvu ambayo huwezi kushindana nayo kwa kupiga miguu. Ili urudi kwenye tundu inabidi ushuke kidogo kisha usogee pembeni. Na puto lililojaa hushuki.

#9 MpandaTheluji
Hiyo ya kupita chini ya barafu hutokea zaidi mtoni kwenye mkondo. Ziwani tundu linakuwa kubwa, pikipiki yenyewe ya kilo 250 au zaidi imeshavunja eneo pana.

#10 DadaWaKaskazini
Habari zenu. Mimi nimepitia mafunzo ya kujiokoa kwenye maji ya barafu, tena kwa kutumbukia kweli, na naona mnabishania puto huku mkisahau mwili.

Mwaka 1 au 10 wa uzoefu wa pikipiki, maji ya baridi hayakujui. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe mara nyingi kwa utafiti, ana kanuni inayofundishwa kila mahali: 1-10-1. Dakika 1 ya kuituliza pumzi. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii. Saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya mwili kupoa.

Ile dakika ya kwanza ndiyo niliyoihisi mimi. Ukiingia tu, kifua kinavuta hewa chenyewe, pumzi kubwa ya ghafla usiyoipanga, halafu unahema mbiombio na huwezi kuzuia. Ile pumzi ya kwanza ikikukuta kichwa kiko chini, umevuta maji. Kwa hiyo chochote kinachobakiza mdomo juu kwa sekunde 60 kina thamani kubwa. Hapo niko na MpandaTheluji.

Baada ya hapo, zile dakika 10 ni za KUTOKA. Unageuka kuelekea ulikotokea, kwa sababu barafu ya huko ilikubeba. Unaweka viwiko juu, unapiga miguu mpaka mwili ulale sawa na uso wa maji, unajisukuma mbele kwa tumbo, ukitoka unabiringika, husimami. Sasa niambieni, mwenye puto linalomshikilia mabega juu na miguu ikining'inia chini, atalalaje sawa?

#11 MzeeKigoda
Dada umeeleza vizuri sana, asante. Vijana someni #10 mara mbili kabla ya kurudi kwenye kilo zenu.

#12 BahariaWaZamani
#10 ndiyo hoja yenyewe. Kuelea na kutoka ni kazi mbili tofauti. Jaketi okozi limeundwa kwa ajili ya kusubiri boti ije. Kwenye barafu mara nyingi boti ni wewe mwenyewe.

#13 SkiNaBunduki
Mimi naona mnalikuza jambo. Puto hili limetengenezwa lielee kwenye theluji kama boya linavyoelea majini, kanuni ni ileile. Waswisi waliolibuni waliiga maboya.

#14 MwalimuWaFizikia
Hapana ndugu, hapo umepotoka mara mbili.

Kwenye poromoko kinachofanya kazi si kuelea kwa maji. Theluji inayotiririka ni chembechembe zinazotikiswa, na zikitikiswa, vitu vikubwa hupanda juu na vidogo hushuka kujaza nafasi. Puto linakufanya uwe "kipande kikubwa". Poromoko likisimama, kupanda nako kunasimama. Majini haijalishi kama kuna mwendo au hakuna, kinachohesabika ni ujazo.

Halafu si Waswisi. Chanzo ni Ujerumani. Josef Hohenester, mtu wa misitu wa Bavaria, aligundua kwamba akikumbwa na poromoko akiwa amebeba mnyama aliyewindwa mgongoni alibaki juu. Peter Aschauer akalichukua wazo hilo, na kampuni yake ya ABS ikaleta begi sokoni mwaka 1985.

#15 SkiNaBunduki
Sawa mwalimu, nimesahihishwa. Lakini bado mtu yuko juu!

#16 FundiMitungi
Kuna jambo nilisahau kwenye #5, na ni zito. Si kila puto limepangwa kubaki limejaa. JetForce ya Black Diamond, ile ya feni, imepangwa ijipunguze hewa yenyewe baada ya kama dakika tatu, ili aliyefukiwa apate nafasi ya kupumulia. Kwenye theluji ni akili nzuri mno. Majini maana yake ni kwamba uko katikati ya zile dakika 10 za dada, umeegemeza uzito wako wote kwenye puto, na linaanza kulegea. Kila mtu asome kitabu cha begi lake, asichukue cha jirani.

#17 Kinyonga88
Kwa hiyo la feni: likichelewa halijai, likijaa linaondoka. Yenu ya mtungi mnajivunia kweli leo 😄

#18 NyayoZaDubu
Niongeze kisa. Sisi tulijaribu bwawani, maji ya vuguvugu, watu wa uokoaji wakiwa pembeni, mabegi yamevaliwa na nguo zote za safari. Tulivuta tukiwa tumesimama majini hadi kifuani, kwa hiyo hili halijibu swali la fundi la begi lililozama.

Niliyoyaona ni haya. La maputo mawili ya pembeni lilimwelekeza mvaaji mbele kidogo, lakini alipoegemea nyuma makusudi alikaa vizuri kama yuko kwenye kiti. Lile linalozunguka kichwa na kushuka mabegani kuelekea kifuani lilikaa karibu sana na jaketi okozi, uso ulikuwa juu bila jitihada. Ila huyo hakuona pembeni kabisa, alikuwa anapapasa ukingo wa bwawa kwa mikono.

Kilichotushtua ni mkanda wa mapajani. Mmoja wetu hakuufunga, huwa haufungi hata mlimani. Begi lilipanda likamkaba, mikanda ya mabega ikaja kwenye masikio na ule mkanda wa kifua ukawa kooni, huku mikono imenyanyuliwa juu hawezi kuishusha. Alihitaji mtu wa kumsaidia, bwawani, maji ya moto! Aliyeufunga hakupata shida hiyo hata kidogo.

Na wote walipojaribu kupanda ukingoni, begi halikusaidia lolote. Kifua kikishatoka majini puto nalo limetoka, kazi inabaki ya mikono.

#19 BahariaWaZamani
NyayoZaDubu umetoa mchango bora humu. Kwa hiyo aina ya puto inabadilisha jibu. Hilo la kuzunguka kichwa naliondoa kwenye lawama yangu ya #3, ya nyuma pekee nabaki nayo.

#20 MpandaTheluji
Na mimi naongeza mkanda wa mapajani kwenye msimamo wangu. Vuta, mapema, mkanda ukiwa umefungwa.

#21 DadaWaKaskazini
"Mapema" unayoisema kila mara ndiyo inayonitia shaka. Kuna utafiti wa kimataifa wa mwaka 2014 ulioongozwa na Pascal Haegeli kuhusu mabegi haya kwenye maporomoko. Kwa waliokumbwa vibaya, vifo vilikuwa asilimia 22 bila puto na asilimia 11 kwa puto lililojaa. Lakini takriban mmoja kati ya watano waliokuwa na begi, puto halikujaa, na sababu kubwa kuliko zote ni kwamba mtu hakuvuta. Hao walikuwa mlimani, wanajua kuna hatari, mkono uko karibu na kishikio. Wewe uko ziwani kwenye tambarare, unawaza chai, barafu inapasuka. Utakumbuka kuvuta ndani ya sekunde mbili, wakati mkono wa kulia uko kwenye mafuta na wa kushoto kwenye breki?

#22 MzeeKigoda
Na kishikio chenyewe wengi wamekifungia kwa zipu ili kisinaswe na matawi msituni. Nimewaona.

#23 Kinyonga88
Swali la pembeni: si huwa tunaona video watu wanapita na pikipiki juu ya maji matupu? Basi ukihisi barafu inapasuka si ungefungua mafuta tu upite?

#24 SkiNaBunduki
Hapo nipo! Kule Grantsburg, Wisconsin, wanashindana kabisa kila mwaka mwezi wa saba, kiangazi, ziwani. Mkanda wa nyuma ukizunguka kwa kasi unapiga maji na pikipiki inateleza juu. Ukiachia mafuta tu, inazama na kwenda chini kama jiwe. Lakini wale wanavaa majaketi okozi, na pikipiki zimefungiwa boya ili zipatikane zikizama.

#25 FundiMitungi
Na wanaanzia nchi kavu wakiwa tayari na kasi, kwenye pikipiki zilizoandaliwa. Wewe unaanza kuzama ukiwa mwendo wa kawaida, umefunga mizigo nyuma. Ukiwa bado juu ya barafu inayopinda, ndiyo, usisimame, endelea. Pua ikishaingia majini hiyo si mbinu tena.

#26 NyayoZaDubu
Mimi nashangaa hakuna aliyetaja suti zenye povu la kumfanya mtu aelee, lililoshonwa ndani. Zipo za wapanda pikipiki na wavuvi wa barafuni. Hazihitaji kuvutwa, hazina mtungi wala feni, povu limegawanywa mbele na nyuma, na ukipanda juu ya barafu hazikubani mikono. Kama njia zako ni za maziwa na mito, ubishi wote huu unaisha.

#27 MpandaTheluji
Hauishi mkuu. Siku moja hiyohiyo naanza na ziwa, napanda mlima wenye maporomoko, narudi kwa ziwa. Suti ya povu mlimani unatokwa jasho mpaka unalowa, na mwili uliolowa jasho ukisimama unapoa. Ndiyo maana nauliza kuhusu kitu ambacho tayari ninacho mgongoni. Na humu hakuna hata mmoja aliyesema begi la poromoko limeidhinishwa kama jaketi okozi, wala mimi sijasema. Nasema ni afadhali kuliko mikono mitupu.

#28 DadaWaKaskazini
Si mikono mitupu. Vaa shingoni, JUU ya jaketi, zile pini mbili za barafu: vishikio viwili vya kukaa kiganjani vyenye ncha za msumari, vimeunganishwa kwa kamba. Barafu iliyolowa inateleza kama sabuni, glovu hazishiki. Kwenye mafunzo nilihangaika kwa viwiko nikawa narudi majini, nilipochomeka pini nilitoka kwa mivuto michache. Zinaingia mfukoni na hazimzuii mtu kuvaa begi.

Ukitoka, gaagaa kwenye theluji kavu, inanyonya maji kwenye nguo. Kisha moto, nguo kavu, sogea.

#29 MzeeKigoda
Mimi ningependa turudi nyuma ya yote haya. Barafu mpya, angavu, ngumu, inayopendekezwa kwa pikipiki ya theluji ni sentimita 13 hadi 18. Kwa anayetembea kwa miguu ni sentimita 10. Ile nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo zidisha unene mara mbili. Mahali mto unapoingia au kutoka ziwani, chini ya madaraja, kwenye matete, hapo vipimo vya katikati ya ziwa havikusaidii. Na theluji nene juu ya barafu inaizuia isigande zaidi, watu wanadhani inaiongezea nguvu.

#30 MwalimuWaFizikia
Mzee shikamoo, yote kweli. Lakini mlimani kuna vijito vilivyofunikwa na daraja la theluji ambavyo huvioni wala huvipimi. Unatumbukia kichwa chini kwenye shimo jembamba, pikipiki juu yako. Hapo puto la lita 150 linaweza kukukwamisha kama kizibo. Kwa tukio hilo mimi SIVUTI.

#31 SkiNaBunduki
Mimi nitavuta hata hapo. Afadhali nikwame kichwa kikiwa juu kuliko nisombwe na maji chini ya theluji.

#32 MwalimuWaFizikia
Nimesema umetumbukia kichwa chini, mkuu. Puto liko kichwani. Fikiria kitakwama nini.

#33 BahariaWaZamani
Dada, kwa uliyoyaona majini: ukishatulia pumzi, kuna faida ya kulivua puto, kulileta mbele na kulilalia kifuani wakati unapiga miguu? Hapo lingemlaza mtu sawa, ile shida yako ya #10.

#34 DadaWaKaskazini
Wazo si baya kichwani, lakini hesabu vifungo: kifua, kiuno, mapajani. Vyote viko chini ya maji, na vidole vinaanza kukataa ndani ya dakika chache. Mimi ningetoboa kabla ya kuvua, na hata kisu sina uhakika ningekishika.

#35 FundiMitungi
Msitoboe, mengi yana vali ya kutolea hewa, unabonyeza. Jaribuni nyumbani kwa glovu nene mkiwa mmefumba macho. Iko nyuma ya bega kwenye begi langu na bila kuangalia siifikii.

#36 Kinyonga88
Sasa kabla ya kuingia ziwani, ile zipu ya kishikio aliyoitaja mzee #22 ibaki wazi au ifungwe? Kesho tunavuka.

#37 MpandaTheluji
Wazi.

#38 MwalimuWaFizikia
Ziwani wazi. Mkifika kwenye vijito funga.

#39 DadaWaKaskazini
Pimeni barafu kwanza, vukeni mmoja mmoja mkiachiana nafasi, na anayetangulia awe na pini shingoni. Zipu mtakubaliana wenyewe.